Kisima Kimoja, Maana Mbili

Mhandisi wetu alivua kofia, akasimama chini ya mwembe mbele ya watu wapatao mia mbili, akasema: "Ndugu zangu, Mungu akijalia, mwakani tutachimba kisima hapa hapa kijijini kwenu." Vigelegele vilipasuka kabla hajafunga mdomo. Kina mama waliokuwa wamekaa kwenye mikeka upande wa kushoto waliinuka wakapunga khanga zao hewani. Mzee mmoja alimshika mhandisi mkono kwa mikono yake miwili, hakutaka kuuachia. Nami nilipiga makofi. Ilikuwa Septemba 2011, katika kijiji kimoja cha kusini mwa Tanzania, kati ya Kilwa na Lindi.

Usiku ule nilikaa kuandika taarifa ya mkutano kwa mwanga wa tochi. Nilipofika kwenye sentensi ya mhandisi, kalamu ikasimama. Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimewaona wanawake wa kijiji kile wamepiga magoti kwenye korongo lililokauka. Walikuwa wamefukua mchanga kwa mikono, wamekaa kando ya mashimo wakisubiri maji yajikusanye, wanateka kata moja moja hadi ndoo ijae. Kwa mwanamke anayeishi hivyo, kisima ni maji. Mhandisi alikuwa anazungumzia kisima cha gesi, shimo la maelfu ya mita kwenda chini, lisilotoa hata tone la kunywa. Walilisikia neno moja, na kila upande ukaondoka na lake.

Nilikuwa afisa mahusiano ya jamii wa kampuni ya kutafuta gesi ambayo sitaitaja jina. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa milima ya Tanga, na niliajiriwa kwa sababu nilijua kuzungumza na watu. Wageni waliokuja kutoka nje walipewa mkalimani. Mimi na mhandisi, Watanzania wawili, hatukuhitaji mkalimani. Tuliamini kwamba kwa kuwa sote tunasema Kiswahili, tunasikilizana. Miaka minne niliyokaa katika kazi ile ilinifundisha kwamba kutosikilizana kubaya zaidi ni kule kwa watu wa lugha moja, kwa sababu hakuna anayeshtuka na kuuliza maana.

Asubuhi iliyofuata mkutano ule nilimweleza hayo mkuu wangu wa kambi. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, akasema tuliache kwanza. Vibali vilikuwa havijakamilika, wapima mitetemo walikuwa wanaingia wiki ile, na kijiji kilikuwa na furaha. "Tutalifafanua baadaye," alisema. Nami nilikubali. Nilimwamkia kila mtu, nilikunywa uji kwenye nyumba zao, nilihudhuria misiba yao, na kwa miezi kumi na saba sikumwambia mwanakijiji yeyote kwamba kisima chetu hakikuwa cha maji. Kama kuna jambo moja katika maisha yangu ya kazi ambalo ningeomba kulirudia upya, ni miezi ile kumi na saba.

Watu wa kusini hawampokei mgeni wa mradi kama karatasi nyeupe. Milima ya Wamatumbi, mwendo wa siku chache kwa miguu kutoka kijijini pale, ndiko Vita vya Maji Maji vilikoanzia Julai 1905, watu walipong'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walileta mpango mkubwa wa karanga Nachingwea, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kuzihudumia. Mpango ulishindwa ndani ya miaka michache, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na mataruma yake yakang'olewa. Nimekutana na wazee waliokuwa watoto wakati ule, bado wanaonyesha kwa kidole mahali treni ilipopita. Halafu ikaja gesi. Ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982. Ilipofika 2004, gesi ya Songo Songo ilikuwa inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme, ikipita chini ya mashamba ya watu waliokuwa wanawasha koroboi.

Kwa hiyo tulipoingia na magari yetu meupe na ramani zetu, hatukuwa wa kwanza. Tulikuwa mstari mpya katika hesabu ndefu. Makosa ya kampuni nyingi za nishati yanaanzia hapa: zinadhani uhusiano na kijiji unaanza siku zilipofika zenyewe. Kijiji kinajua kwamba uhusiano huo ulianza zamani, na kwamba yeyote anayekuja anarithi madeni ya waliotangulia.

Kazi ya kupima mitetemo ilianza. Vijana walifyeka mikuza myembamba iliyonyooka, kilomita kwa kilomita, wakatandaza nyaya na vipokezi, wakalipua baruti ndogo katika mashimo ili mwangwi wake uchore sura ya miamba ya chini. Mkuza haujali mpaka wa shamba. Ulipita kwenye muhogo, kwenye mbaazi, kwenye mikorosho iliyokaribia kuchanua. Nilifuatana na wathamini waliohesabu miti na kuandika fidia.

Hapo nilijifunza neno la pili lenye maana mbili. Kwetu sisi fidia ilikuwa malipo yaliyopigiwa hesabu kisheria: thamani ya mali, posho ya usumbufu, na pale mtu anapohama, posho ya usafiri, ya makazi na faida anayoipoteza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na kanuni zake za 2001 zimeyaeleza hayo yote, hata riba pale malipo yanapocheleweshwa. Kwa mkulima, fidia ilikuwa jibu la swali jingine: mkorosho alioupanda baba, uliosomesha watoto watatu, unaochanua kila mwaka bila kuombwa, unalipwaje mara moja? Orodha ya bei haina mstari wa swali hilo. Niliwahi kumwona mzee akipokea fedha zake, akazihesabu mara mbili, akazifunga kwenye leso, kisha akaenda kukaa chini ya mti uliokuwa unasubiri shoka hadi jua lilipozama. Hakuwa na lalamiko la kuandikwa popote. Alikuwa anaaga.

Kosa letu katika fidia halikuwa kiwango, maana kiwango kiliwekwa na serikali. Kosa lilikuwa jina. Mthamini aliuliza, "Shamba hili la nani?" na aliyejibu alikuwa mwanamume. Picha ikapigwa ya mwanamume ameshika kibao chenye namba, akaunti ikafunguliwa ya mwanamume. Wiki tatu baada ya malipo alinijia mwanamke mmoja mapema asubuhi, akakaa kwenye ngazi za ofisi yetu. Yeye ndiye aliyelima shamba lile kwa miaka kumi na mmoja. Mumewe alikuwa amekwenda Dar es Salaam na fedha zote. "Mwanangu," aliniambia, ingawa hatukupishana sana umri, "mlimuuliza mwenye shamba. Mngemuuliza mwenye jembe." Tangu siku ile niling'ang'ania kwamba picha ipigwe ya mume na mke pamoja, wote wawili watie saini, na malipo yasomwe mbele yao wote. Ilikubaliwa kwa tathmini zilizofuata. Kwa mama yule haikurudisha kitu.

Mkuu wangu alikuwa ameniagiza niweke sanduku la malalamiko nje ya ofisi ya kijiji. Tulilipaka rangi ya bluu, tukalifunga kwa kufuli, ufunguo nikawa nao mimi. Kila Ijumaa nililifungua. Katika miezi sita nilikuta karatasi nne, tatu za kuomba kazi. Katika taarifa za mwezi tuliandika kwamba malalamiko ni machache na uhusiano ni mzuri.

Malalamiko yalikuwepo, tena mengi. Yalikuwa kwenye baraza la bao jioni, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, kwenye vikao vya matanga. Mtu hamshtaki mgeni kwa barua ya kufungiwa sandukuni. Kwanza asiyejua kuandika ameachwa nje. Pili, lalamiko lililoandikwa ni ugomvi uliotangazwa, na watu waliolelewa kusitiriana hawaanzi huko. Mtu huanza kwa kulizungusha jambo: atakuuliza habari za nyumbani, atasifia mvua, halafu atasema magari yenu siku hizi yanakimbia sana karibu na shule. Ukiwa na haraka utadhani mmezungumzia magari na mvua. Niliacha kulitegemea sanduku, nikaanza kukaa gengeni kila siku ya gulio kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, bila daftari mkononi. Nilichokisikia katika gulio la kwanza kilizidi karatasi zote za miezi sita.

Ndipo nilipogundua uzito wa neno jingine tulilolitumia kila siku: "tutaangalia." Kijiji kiliomba mabati ya zahanati, tukasema tutaangalia. Waliomba daraja dogo la mtoni, tukasema tutalifanyia kazi. Kwa mtu wa ofisini, maneno hayo ni mlango wa kutokea kikaoni bila kumuudhi mtu; mara nyingi maana yake ni hapana. Kwa mkulima, mtu mzima akisema ataangalia, atakwenda kuangalia, na akishaangalia atarudi kusema alichokiona. Tulidhani tunawajibu kwa adabu. Wao walikuwa wanahesabu ahadi.

Kuna siku nilisimama kikaoni nikawaita "wadau muhimu wa mradi". Baada ya kikao mzee mmoja alinivuta pembeni. "Mwanangu, mdau ni mtu aliyekaribishwa kwenye jambo la mwenzie. Sisi si wadau hapa. Sisi ni wenyeji, nyinyi ndio wadau wetu." Aliongea kwa upole kabisa. Nimehudhuria semina nyingi za ushirikishwaji tangu wakati huo, na sijasikia somo lililozidi lile. Kampuni inayowaita wenyeji wadau imeshajiweka katikati ya ramani na kuwasogeza wao pembeni, na kila uamuzi unaofuata utachorwa kwenye ramani hiyo.

Desemba 27, 2012 maelfu ya watu waliandamana mjini Mtwara kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Kauli yao ilikuwa fupi: gesi haitoki. Januari 2013 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alikwenda Mtwara kuzungumza na wakazi. Utulivu ulirudi kwa muda. Mei 22, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni Dodoma, moto uliwaka tena. Watu walipoteza maisha, majengo yakachomwa, wanajeshi wakaingia mitaani. Bomba lilijengwa, zaidi ya kilomita mia tano, likazinduliwa Oktoba 2015. Wengi walisema wakati ule kwamba watu wa Mtwara hawakuelewa kwamba gesi ni ya taifa zima. Mimi niliyekuwa karibu nilisikia kitu kingine. Waliposema haitoki, wengi walikuwa wanauliza maswali: viwanda mlivyotuahidi viko wapi, vijana wetu watafanya kazi gani, halmashauri yetu itabaki na nini? Majibu yalikuwepo. Ulikuwepo, kwa mfano, ushuru wa huduma, wakati ule asilimia 0.3 ya mauzo, ambao kampuni ziliilipa halmashauri. Lakini majibu yalifika baada ya mabango. Jibu linalofika baada ya bango halisikilizwi tena kama taarifa. Linasikilizwa kama utetezi.

Katikati ya miezi hiyo, Februari 2013, mtambo wetu wa kuchimbia uliwasili. Msafara wa malori ulikuwa na urefu wa karibu kilomita moja. Tulipofika kona ya kuingia kijijini tulikuta magogo yamelazwa barabarani. Nyuma ya magogo walikaa wanawake, sitini au zaidi, kila mmoja na ndoo yake. Hawakuwa na mawe wala bango. Walikuja kupokea kisima chao. Taarifa kwamba si cha maji ilikuwa imewafikia siku mbili kabla, kutoka kwa dereva mmoja aliyesimama kununua machungwa.

Polisi walikuwa wamepigiwa simu. Nilishuka garini, nikaenda mbele, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe sikuwa na la kusema. Kutoka katikati ya wale wanawake akainuka bibi mmoja mwembamba, niliyemjua kama katibu wa kikundi chao cha kuweka na kukopa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kutabasamu. Alifungua mkoba wa ukili, akatoa daftari la shule lililofungwa kwa kitambaa cha khanga. Akavaa miwani, akaanza kusoma.

Alisoma kwa sauti ya kawaida, kama msomaji wa muhtasari wa kikao kilichopita. Tarehe, aliyesema, alichosema. Alianza na watu waliokuja zamani kabla yetu, wapima madini waliosema watarudi na majibu ya mawe waliyochukua. Hawajarudi. Wakaja wa mbao waliosema watapanda miti mingine. Haijapandwa. Kisha akafika kwetu. "Mhandisi amesema watachimba kisima kijijini mwakani. Afisa mahusiano alikuwepo, alipiga makofi." "Afisa mahusiano amesema wataangalia mabati ya zahanati." "Afisa mahusiano amesema watalifanyia kazi daraja." Yalikuwa mambo kumi na tisa. Nilisimama pale juani nikisikiliza maneno yangu mwenyewe yakisomwa na mtu aliyeyatunza kuliko nilivyoyatunza mimi. Kampuni ilikuwa na kompyuta, na taarifa zangu za kila mwezi zilijaa kabati. Hakuna mahali popote katika taarifa hizo mambo yale kumi na tisa yalipokuwa yamewekwa pamoja.

Nilimwomba daftari ili nilinakili. Alikataa kulitoa mkononi, lakini aliniruhusu nikae kando yake ninakili. Ilichukua karibu saa nzima. Malori yalisubiri. Mkuu wangu alikasirika, halafu akaja akakaa naye kwenye gogo, na nadhani kile kitendo cha kukaa ndicho kilichowaondoa polisi. Nilipomaliza nilisimama nikawaambia ukweli wote: kisima ni cha kutafuta gesi, huenda gesi ikawepo au isiwepo, na mimi nilijua tangu usiku wa mkutano wa kwanza na nikanyamaza. Niliomba radhi. Kimya kilikuwa kirefu. Bibi yule aliandika. Kisha akauliza swali moja: "Na cha maji?"

Tulikutana tena siku nne baadaye kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na safari hii mambo yalikwenda tofauti. Tulichukua yale kumi na tisa moja baada ya jingine, na kila moja likajibiwa kwa neno moja kati ya matatu: ndiyo, hapana, au sijui. Aliyesema ndiyo alitaja mwezi na fedha zitakakotoka. Aliyesema hapana alieleza sababu. Aliyesema sijui alitaja siku ya kurudi na jibu. Mabati: ndiyo. Daraja: hapana, ni kazi ya halmashauri, lakini tutafuatana na mwenyekiti hadi wilayani. Kisima cha maji: sijui, turudi baada ya wiki sita. Muhtasari uliandikwa nakala mbili, ukasomwa wote kwa sauti, ukatiwa saini na mihuri, nakala moja ikabaki kijijini. Hapana zilikuwa saba, na hakuna aliyekasirika. Nilikuwa nimewaogopa watu hawa kwa mwaka na nusu, nikiwaficha hapana, kumbe walichotaka ni kujua waipange vipi kesho yao.

Baadaye niliifuatilia miradi ya majirani zetu Kenya, nikaona mambo ni yale yale. Juni 26, 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira la Kenya (National Environment Tribunal) lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, wa megawati 1,050. Mikutano na wananchi ilikuwa imefanyika, lakini kabla ya utafiti wa athari kukamilika. Watu waliulizwa maoni juu ya jambo ambalo hawajaelezwa. Kinangop, mradi wa upepo wa megawati 60 uliachwa mwaka 2016 baada ya upinzani wa wakulima wenye hofu juu ya ardhi yao. Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, mitambo 365 ya upepo ilisimamishwa na inazalisha hadi megawati 310, lakini Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru ilitamka kwamba hati za ardhi yake hazikupatikana kwa utaratibu wa sheria. Makaa, upepo, gesi: chanzo cha nishati hakibadilishi jambo hili. Upepo ni safi, lakini usafi wake haumpi mtu haki ya kuingia kwenye malisho ya mwenzie bila hodi.

Wapo wanaosema kushirikisha jamii kunachelewesha miradi na kuongeza gharama. Nimekaa kwenye malori yaliyosimama, najua gharama ya siku moja ya mtambo usiofanya kazi. Ingetosha kisima cha maji na chenji ikabaki. Lakini sipendi kuishia kwenye hoja hiyo ya fedha, kwa sababu inamfanya mwanakijiji kuwa hatari ya kupunguzwa, kama mvua au kuharibika kwa injini. Bibi yule hakustahili ukweli kwa sababu angeweza kulaza magogo. Aliustahili kwa sababu nyumba ni yake.

Kisima cha maji kilichimbwa kabla ya masika ya mwaka uliofuata, kikawekwa pampu ya mkono. Kisima cha gesi kilichimbwa kwa miezi mitatu na hakikukuta gesi ya kutosha. Mambo hayo ni ya kawaida katika kazi ya utafutaji. Wiki mbili baada ya majibu kutoka, mtambo ulifunguliwa vipande vipande, kambi ikang'olewa, nasi tukatakiwa kuripoti Dar es Salaam. Hakuna kikao kilichopangwa. Katika mpango wetu wa mahusiano, kurasa arobaini na kitu, hapakuwa na ukurasa wa kuondoka. Tulikuwa tumejifunza kubisha hodi, tukasahau kwamba mgeni huaga.

Mei 2014 nilichukua likizo yangu, nikapanda basi hadi kusini, nikashuka njia panda, nikatembea. Nilimkuta bibi yule kibarazani anachambua mbaazi. Shikamoo, marahaba, habari za safari, za nyumbani, za kazi. Kisha nikamwambia: hakuna gesi ya kutosha, kampuni haitarudi, barabara na pampu ni vya kijiji, na jambo la mwisho lililokuwa limebaki kwenye daftari, la mafunzo ya ufundi kwa vijana sita, halitafanyika. Nilimwomba radhi kwa hilo. Aliingia ndani, akarudi na daftari, akaandika tarehe. Akaniomba nitamke jina langu kamili, akaliandika pia. "Wewe ndiye wa kwanza kurudi kusema hapana," aliniambia.

Sasa nafundisha vijana wanaoingia kazi hii kwenye mabomba, njia za umeme mkubwa na mitambo ya jua. Wanakuja na maswali kuhusu viwango vya kimataifa, fomu na vielelezo, na yote hayo wanapaswa kuyajua. Ninawaomba waongeze mambo manne, na ninakuomba wewe msomaji, kama unaajiriwa, unaajiri au unaishi karibu na mradi wowote wa nishati, uyadai. Ukitamka neno kijijini, uliza wamelisikia vipi kabla hujaondoka. Ukiahidi, andika nakala mbili, moja ibaki kwa wenyeji. Ukijua kwamba hapana ni hapana, iseme mapema kwa heshima. Na siku kazi itakapokwisha, iwe kwa faida au kwa hasara, rudi uage. Katika kila kijiji utakachokwenda kuna mtu anayeandika. Na hata pasipo na mwandishi, kuna mtu anayekumbuka.